Hao Watu 38 wa Busia ni Akina Nani?

Hoja: mpiga kura asiamini kura za maoni wala utabiri wa vyombo vya habari kabla ya uchaguzi.

Nimeileta hoja hii Busia na Malaba, miji ya mpakani na Uganda, badala ya Nairobi kwa makusudi. Nairobi ndiko asilimia hizo zinakotangazwa. Huku ndiko zinakopokelewa, zikajadiliwa stendi na sokoni, na wakati mwingine zikaamua kama mtu atafunga duka akapige kura au la. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na takwimu zitaanza kumwagika mapema. Wanaozungumza hapa nimewabuni. Miaka, majina na hesabu wanazotaja ni za kweli.

MAMA WA MAHINDI (Malaba): Naunga hoja mkono, na ushahidi wangu ni wa mwaka 2022. Wiki ile ya mwisho kabla ya kura ya urais, kampuni ya utafiti ya Ipsos ilisema Raila Odinga ana asilimia 47, William Ruto 41. Infotrak wakasema 49 kwa 41. TIFA wakasema 46.7 kwa 44.4. Tarehe 15 Agosti Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akasimama pale Bomas akamtangaza Ruto mshindi, kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930. Kampuni tatu, zote zimeelekea upande mmoja, zote zimepotea upande mmoja! Mimi nikikosea bei ya mahindi namna hiyo msimu mmoja tu, mtaji umekwisha.

MWALIMU WA HISABATI (Amagoro): Mama, hesabu zako ni sawa, ila kuna watu umewaruka. Jumlisha 47 na 41 za Ipsos. Unapata 88. Wale 12 waliobaki wako wapi? Wachache walikuwa wa wagombea wadogo. Waliobaki ni wale waliosema bado hawajaamua na wale waliokataa kusema. Sasa tazama matokeo. Hayati Raila alipata asilimia 48.85. Yaani alipata karibu kilekile alichopewa na kampuni zote tatu. Aliyeachwa nje ya hesabu ni Ruto: alipewa 41 na kampuni mbili, akapata 50.49. Watafiti hawakumbunia Raila watu. Walishindwa kuwaona watu wa Ruto.

MAMA: Na hiyo unaiita kutetea?

MWALIMU: Naiita kusoma. Aliyesoma takwimu zile za Ipsos hadi mwisho aliona kwamba wanyamavu walikuwa wengi kuliko pengo la wagombea wawili. Katika hali hiyo hakuna mshindi aliyetabiriwa. Kichwa cha habari ndicho kilichotabiri.

DEREVA WA TRELA (wa Mombasa, yuko foleni Malaba): Mwalimu, haya ya asilimia ni ya wenye ofisi. Mimi natoka Changamwe, napita Mariakani, Voi, Nairobi, Nakuru, Eldoret, Webuye, hadi hapa. Kila mji nausikia. Naona bendera, naona mikutano, naona vijana wamepanda miti. Hiyo ndiyo kura ya maoni yangu, na silipwi na mtu.

MWALIMU: Kaka, umati unakueleza nani ana pesa ya magari na nani ana mwimbaji mzuri. Haukuelezi nani ana kitambulisho, nani amejiandikisha, nani ataamka alfajiri. Mkutano mkubwa wa Busia unaweza kuwa na watu wa Bungoma, wa Siaya, hata wa ng'ambo waliokuja kutazama. Tena wewe unapita barabara kuu. Mpiga kura wa Port Victoria au wa ndani kule Amukura hakai barabara kuu.

KIJANA WA BODABODA (Busia): Mimi niseme kuhusu kunyamaza. Mwalimu anashangaa watu walikataa kusema. Hapa? Mtu akija Marachi au Burumba na karatasi na kalamu, akauliza jina, umri, kazi, na unamtaka nani, cha kwanza unajiuliza ametumwa na nani. Ushuru? Usalama? Mwenye nyumba? Watu wengi wa hapa wanaishi kwa vitu vilivyovuka mpaka: sukari, mayai, mafuta ya kupikia, nguo. Wengine wamevuka barabarani, wengine njia za panya. Sisi tumefunzwa tangu utotoni kwamba maswali ya mgeni yanajibiwa kwa "sijui". Na akipiga simu ni vibaya zaidi. Namba usiyoijua ni tapeli mpaka athibitishe vinginevyo.

Hapo nilitaka msomaji asimame kidogo. Tunapojadili kura za maoni, hasira zetu huwaendea wenye kampuni: wamenunuliwa, wamepewa bahasha. Inawezekana. Lakini jambo alilolisema kijana huyu haliponywi kwa uaminifu wa mtafiti. Mtafiti mwaminifu kabisa, asiyepokea senti ya mtu, akifika katika mji uliozoea kuwaficha maafisa mambo yake, atarudi Nairobi na fomu zilizojaa "sijui" na majibu ya kumridhisha mgeni. Mwenye duka atataja mgombea ambaye kumtaja hakumletei matata. Mwaka 2022 serikali iliyokuwa ikiondoka ilikuwa nyuma ya Raila waziwazi. Si ajabu kwamba waliokuwa upande wa pili waliona afadhali wafunge mdomo mbele ya mwenye kalamu.

MAMA: Sasa mmenifikisha kwenye kazi yangu. Mnajua tunavyopima mahindi. Unachukua chuma cha kuchomea gunia, unachoma, unatoa punje chache, unazitazama. Hakuna anayemwaga gunia zima. Kwa hiyo kupima kidogo ili kujua kingi sikupingi, Mwalimu. Lakini inategemea umechoma wapi. Mkorofi huweka mazuri juu, mabovu chini. Mnakumbuka Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ilipopiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu? Malori yalijaa hapa na ng'ambo. Baada ya siku chache wakalegeza, kwa masharti ya cheti. Mahindi yangu yalipimwa Uganda, yakapimwa tena hapa. Nililouliza kila mara ni hili: punje mmezitoa gunia gani, na mangapi?

MWALIMU: Na hilo ndilo swali lenyewe! Mwaka 1936 jarida la Literary Digest kule Marekani lilituma kadi milioni 10 kwa watu, likapata majibu zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa kadi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati wa umaskini mkubwa, na maskini walikuwa wa Roosevelt. George Gallup, kwa sampuli ndogo mara nyingi kuliko ile, alimtaja mshindi sawasawa. Watu milioni 2 waliochaguliwa vibaya hawakufua dafu mbele ya maelfu waliochaguliwa vizuri.

KIJANA: Basi huku Busia walichagua wangapi?

MWALIMU: Tupige hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 893,681 katika kaunti yetu, na 47,564,296 Kenya nzima. Sisi ni chini kidogo ya watu wawili katika kila mia. Utafiti wa kawaida wa taifa huwahoji watu kama 2,000. Ukigawa kwa haki, Busia inapata watu 38.

DEREVA: Thelathini na wanane, kaunti nzima?

MWALIMU: Kaunti nzima, yenye maeneobunge saba. Teso Kaskazini, Teso Kusini, Nambale, Matayos, Butula, Funyula na Budalangi. Watano au sita kwa kila eneobunge. Wateso, Wakhayo, Wamarachi, Wasamia, Wanyala, Wajaluo, na wageni waliokuja kwa biashara, wote humo. Kwa taifa zima watu 2,000 wanatosha kabisa. Makosa yake ni asilimia 2 hivi juu au chini. Lakini kwa watu 38 makosa hayo yanafika asilimia 16 juu au chini. Kwa hiyo runinga ikikuonyesha ramani iliyopakwa rangi, ikakuambia kwamba Busia mgombea huyu ana 60 na yule ana 40, jua kwamba inawezekana ni 44 kwa 56.

Hesabu hii ndiyo inayonikasirisha kuliko madai yote ya hongo. Naipa nafasi kubwa kwa sababu ramani hizo hupendwa sana, na kwa sababu mtu wa kaunti hutafuta jina la kaunti yake kwanza, kama ilivyo kawaida ya mtu. Mkuu wa chumba cha habari anayepokea utafiti wa watu 2,000 na kuukata vipande 47 anafanya jambo lisilofaa, hata kama kila fomu ilijazwa kwa ukweli. Kuna tafiti zenye sampuli kubwa, za watu elfu kadhaa, na kuna zinazofanywa ndani ya kaunti moja peke yake. Hizo zinaweza kusema kitu kuhusu Busia. Ila msomaji hapewi njia ya kuzitofautisha asipoambiwa idadi.

MTANGAZAJI WA REDIO (Busia): Nijitetee kidogo, maana naona kidole kinanijia. Sheria ipo. Sheria ya Uchapishaji wa Kura za Maoni za Uchaguzi ya mwaka 2012 inatutaka tumtaje aliyefanya utafiti, aliyeulipia, siku zilizotumika, idadi ya waliohojiwa, maswali waliyoulizwa na kiwango cha makosa. Tena inakataza kutangaza matokeo ya utafiti siku tano za mwisho kabla ya kura. Tunaotangaza kwa leseni tunabanwa nayo. Asiyebanwa ni yule wa WhatsApp. Mwaka 2017 zilizunguka video bandia, moja na nembo ya CNN, nyingine ya BBC, zikidai kura za maoni zinampa Uhuru Kenyatta ushindi. BBC wenyewe walitoka kuikana. Mkituziba sisi, hizo ndizo zitakazobaki.

MAMA: Wewe huitaji aliyelipa, mwanangu. Nakusikiliza kila asubuhi. Unasema "utafiti umeonyesha", kisha tangazo la sabuni.

MTANGAZAJI: Nina sekunde 40 za habari hiyo, Mama.

MAMA: Basi usiisome.

DEREVA: Na zile hesabu zenu za baada ya kura je? Mwaka 2022 nilikuwa Nakuru usiku ule. Stesheni moja Raila yuko mbele, nyingine Ruto yuko mbele. Mahali pamoja, saa ileile. Watu hotelini karibu wapigane juu ya kidhibiti cha runinga.

MTANGAZAJI: Hiyo ni kweli na ilituumiza. Tume ya uchaguzi iliweka mtandaoni Fomu 34A zote, zile za matokeo ya kila kituo, kila chombo kikaingiza zake kwa mikono, kila kimoja kikaanzia mahali pake. Aliyeanza na fomu za Bonde la Ufa aliona Ruto, aliyeanza na za Nyanza na huku kwetu aliona Raila. Hakuna aliyedanganya, lakini mtazamaji hakuambiwa tumeanzia wapi. Baada ya siku mbili tatu hesabu zikapungua kasi, zikasimama, na kimya kile kikazaa uvumi mbaya kuliko hesabu zenyewe.

MWALIMU: Sasa niruhusuni nirudi 2007, maana hapo ndipo wanaopinga kura za maoni huenda kuchukua silaha, na mimi naona wameichukua silaha isiyo yao. Utafiti wa mwisho wa kampuni ya Steadman, Desemba 2007, ulisema Raila 45, Mwai Kibaki 43, Kalonzo Musyoka 10. Pointi mbili, ndani ya kiwango cha makosa. Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida ni kwamba hakuna ajuaye. Lakini mitaani iliingia kama "Raila anashinda". Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi wakati huo, alipomtangaza Kibaki mshindi tarehe 30 Desemba, kwa tofauti ya kura 231,728, watu walikuwa wameshasherehekea moyoni kwa wiki kadhaa.

MAMA: Usinieleze mimi mambo ya Januari 2008, Mwalimu. Nilikuwa hapa. Watu walikuja na magodoro kichwani, wamebeba watoto, wakavuka daraja. Maelfu. Wakawekwa Mulanda, kule Tororo. Wengine walikuwa wateja wangu kutoka Eldoret. Na Uganda ikakosa mafuta kwa sababu malori hayapiti.

MWALIMU: Naam, na zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Je, waliuawa na kura za maoni? Tume ya Jaji Johann Kriegler ilichunguza uchaguzi ule ikasema hesabu ziliharibiwa kiasi kwamba hakuna awezaye kujua kwa hakika nani alishinda. Uovu ulikuwa kwenye kuhesabu na kujumlisha. Kura za maoni zilikuwa kitu cha nje ambacho raia angeweza kukilinganisha na matangazo ya tume ya uchaguzi. Mkiziondoa, mnamwachia mwenye kutangaza neno la kwanza na la mwisho.

Nakubaliana na Mwalimu nusu. Kipimo cha nje kina faida pale tu watu wanapojua udhaifu wake. Pengo la pointi mbili likitangazwa kama ushindi, kipimo hicho hakimlindi raia. Kinampa uhakika wa uongo, na uhakika wa uongo ulitembea mbele ya mapanga. Anayetangaza ana sehemu yake katika hilo, hata kama hakuandika fomu ya matokeo.

MCHUUZI WA NG'AMBO (Busia ya Uganda): Ndugu zangu, nimewasikiliza muda mrefu. Mimi ni Msamia kama hao wa Funyula, tumetenganishwa na mpaka tu. Nyinyi mnalalamika takwimu zimezidi. Mwaka 2021 sisi intaneti ilizimwa usiku wa kuamkia kura ya tarehe 14 Januari, ikabaki imezimwa siku kadhaa. Wa karibu na mpaka tulitafuta mawimbi ya Kenya ili tujue yanayotokea kwetu wenyewe. Mnataka nchi isiyo na takwimu? Vukeni barabara mje mwione.

MWALIMU: Dada amesema. Na Tanzania, Julai 2018, shirika la Twaweza lilitoa utafiti ulioonyesha waliokubali utendaji wa Rais Magufuli wameshuka hadi asilimia 55, kutoka 96 mwaka 2016. Tume ya Sayansi na Teknolojia ikaliandikia barua kulihoji kuhusu kibali, na mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa pasipoti. Takwimu ambazo wakubwa wanaziogopa hivyo haziwezi kuwa upuuzi mtupu.

KIJANA: Lakini hakuna aliyeniuliza zilinifanya nini mimi. Mwaka 2022, asubuhi ya tarehe 9 Agosti, nilikuwa na wateja. Redio ilikuwa imesema wiki iliyotangulia mtu wetu yuko mbele, na hapa Busia kila mtu ni wake. Nikasema kura yangu moja itaongeza nini? Nitaenda mchana. Mchana foleni ikawa ndefu, nikasema ameshashinda. Sikwenda. Stendi yetu tulikuwa kadhaa ambao hatukwenda. Walipotangaza, nilikaa juu ya pikipiki mpaka jioni, sikubeba mtu.

MAMA: Mwanangu.

KIJANA: Sisemi kura yangu ingebadilisha. Nasema niliambiwa haihitajiki, na nikaamini.

Hesabu ya kijana huyu sijaiona ikipewa nafasi kwenye runinga, kwa hiyo niiweke hapa. Tofauti kati ya Ruto na Raila ilikuwa kura 233,211. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Gawanya: ni kura tano kwa kila kituo. Busia ilimpa Raila kura nyingi mwaka 2007, 2013, 2017 na 2022, na ngome ya namna hiyo ndiyo inayopata hasara kubwa zaidi watu wake wakiambiwa kwamba kazi imekwisha. Hali ni hiyohiyo kwa ngome ya upande wa pili. Anayejua kwamba eneo lake ni la mtu mmoja ana sababu zaidi ya kutoka, kwa kuwa pale pengo halihesabiwi kwa kaunti, linahesabiwa kwa vichwa nchini kote.

Uamuzi wangu, basi. Hoja kama ilivyoandikwa naikataa. Sitaki Kenya isiyopimwa, na dada wa ng'ambo amenithibitishia. Lakini imani tunayozipa takwimu hizi leo hazijaistahili. Utafiti usiotaja aliyeulipia, idadi ya waliohojiwa na idadi ya waliokataa kujibu, usiupitishe kwa jirani. Ramani ya kaunti iliyokatwa kutoka utafiti wa taifa, usiitazame mara mbili. Pengo lililo ndani ya kiwango cha makosa, lisome kama sare. Ukipigiwa simu na mtafiti, na umejiridhisha ni yeye, mwambie ukweli au mwambie hutaki kusema; usimpe jina la kumridhisha.

Wahariri wa redio za huku nawaomba jambo moja: kila mnaposoma asilimia za Busia, someni na idadi ya watu wa Busia walioulizwa. Ni neno moja la ziada hewani. Kama idadi hiyo hamna, msizisome.

Na wewe uliye Malaba, Bumala, Nambale au Sio Port: mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua, katika kesi ya Maina Kiai, kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho na hayabadilishwi Nairobi. Fomu 34A ya kituo chako hubandikwa hapohapo kituoni. Tarehe 10 Agosti 2027 nenda upige kura mapema, kisha kura zikishahesabiwa rudi uisome fomu hiyo kwa macho yako kabla hujasikiliza hesabu ya mtu yeyote.